Damu ya Wifi

Yokote, 2 Desemba

Wifi yangu Tazuko,

Habari za huko kwenye jua? Huku theluji imetuwahi mwaka huu. Mapipa ya uani yamefunikwa, na wafanyakazi wa kiwanda chetu wanaanza siku kwa koleo kabla hawajagusa mchele. Mimi mzima isipokuwa mgongo. Natumaini mifupa yako imeacha kuuma baada ya zile sindano za hospitali, na mikono haina alama ya mipira ya ile mashine.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatana maneno kabla hatujamaliza kuamkiana. Habari yenyewe ni njema: chembe za uboho ulizomtolea mume wangu zimeshika. Juzi Daktari Kuribayashi aliingia chumbani anacheka utadhani amepata mjukuu.

"Mama Hosoya, wageni wamefika, wamepata chumba, wameanza kazi."

"Kwa hiyo saratani ya damu imekwisha?" nikamuuliza.

"Taratibu, mama. Damu inayotengenezwa humo sasa ni ya wifi yako, lakini nyumba ni ya mzee wetu. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha wageni hawamgeuki mwenyeji. Kijana wakimgeuka, anaweza kustahimili. Mtu wa miaka sitini na minane wakianza kumla ngozi, ini na matumbo, hapo ndipo tunapompoteza."

Ndiyo maana siku zile baada ya kuwekewa chembe zako walimpa dawa kali ya kuwapunguza wageni wenye hasira, tena kwa kipimo kidogo kuliko cha vijana, kwa ajili ya moyo wake. Sasa anameza vidonge vya kuwatuliza waliobaki. Vikizidi vinaharibu figo, vikipungua wageni wanaamka. Kwa hiyo wanampima damu kila mara kujua dawa imefika wapi.

Sasa nikuambie la moyoni? Siku ulipoondoka, nesi alinishika bega akasema, "Bahati yake, ana dada." Mimi niliyesimama nyuma ya kile kioo cha chumba chake cha hospitali tangu kiangazi, niliyemlisha mtu huyu miaka arobaini na mitatu, hakuna aliyesema bahati yake ana mke. Nilitabasamu nikaenda kununua chai.

Lakini asante. Nimeandika asante, usije ukasema sikusema.

Wifi yako,
Mitsue


Tosa, 14 Desemba

Wifi Mitsue,

Asante yako imefika. Ilikuwa imekunjwa ndogo sana, nikaitafuta kwa miwani.

Huku tunavuna mabalungi. Vijana wa ushirika wako juu ya miti tangu asubuhi na mimi nipo chini nawapigia kelele wasiyabonyeze. Mifupa imepoa. Ile mashine ilininyonya mchana kutwa, nikalala huku nawaza: mwisho wa yote, kuna kitu cha Nishimori kinaingia nyumba ya Hosoya bila kubadilishwa jina.

Usikasirike. Wewe umesema la moyoni, na mimi niseme la kwangu. Baba yetu alipokufa, kaka Iwao aliacha shule akaingia shambani ili mimi nisome. Alinibeba mgongoni kuvuka mto mpaka nikawa mzito, na hata nilipokuwa mzito alinibeba huku ananitukana. Kisha akaja mshenga kutoka kwenu kaskazini. Akina Hosoya wana binti mmoja na kiwanda cha kuchachusha soya iwe miso, wanatafuta mkwe wa kuingia nyumbani kwao na kubeba jina lao. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimsindikiza stesheni akiwa Nishimori, na kadi ya mwaka mpya ikaja imesainiwa Hosoya.

Jina mlichukua, sikusema neno. Sasa damu ni yangu. Damu nzito kuliko maji, wifi, na nzito kuliko supu ya miso pia.

Alama za chembe zetu zimelingana nusu tu, daktari alinieleza. Basi furahi, umepata nusu ya ubaya wangu. Mgeni njoo mwenyeji apone, au sivyo?

Niambie kitu kimoja. Ananiulizia?

Tazuko


Akita, 20 Januari

Wifi yangu,

Heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Tumekula keki za mchele kwa mkasi, nimezikata vipande vidogo kama vya mtoto ili asikabwe. Uliuliza kama anakuulizia. Anakuulizia.

Ametoka hospitali. Hatujarudi Yokote. Tumepanga chumba hapa Akita, ni rahisi kwa siku za kliniki. Kiwanda namwachia mzee Kudo, fundi wetu, na mimi nakwenda na kurudi. Kila kinachoingia kinywani mwa Iwao lazima kipikwe kiive, maana kinga yake ni ya kichanga. Samaki mbichi hapana, kachumbari hapana, miso yetu ambayo haijachemshwa hapana. Mtu aliyeonja miso kwa kidole tangu ujana wake sasa ananitazama kwa huruma nikichemsha mpaka harufu inakwisha.

Kuna jambo jingine. Wiki iliyopita nesi alimbadilishia kadi. Kundi lake la damu lilikuwa A maisha yake yote. Wakati wa uchumba wetu mama yangu aliulizia kwanza hilo, akaridhika: kundi A, mtaratibu, msikivu, atatufaa. Sasa kadi imeandikwa B.

"Ndiyo maana leo nimeamka na ukaidi," Iwao akasema, chumba kizima kikacheka.

"Sasa ni kama la dada yako," nesi akasema.

"Basi nitaanza kupiga kelele chini ya mibalungi."

Nilicheka nao. Kisha nikaingia bafuni nikafungua maji, nikalia. Najua ni upuuzi. Daktari kasema tabia haikai kwenye damu. Lakini jana alikataa kuvaa soksi nilizomtolea, akachagua nyingine mwenyewe, na mimi nikakuona wewe umesimama pale katikati ya chumba na mikono kiunoni.

Jambo la mwisho. Mwaka huu usitume mabalungi. Tafadhali usiulize kwa nini.

Mitsue


Tosa, 11 Februari

Wifi mpendwa,

Miplamu imechanua huku na upepo umekuwa mpole. Nimefurahi sana kusikia kaka ametoka hospitali. Nimefurahi pia kwamba unamchunga vizuri kiasi hicho.

Umesema nisitume mabalungi, sitatuma. Mimi ni mtu wa kusikia. Tangu mwaka aliokuja kwenu hajakosa hata msimu mmoja, lakini wewe ndiye mke, na neno la mke ni neno. Na kwamba kila kitu lazima kiive, hilo nalo nimelielewa vizuri. Moto unaua kila kijidudu.

Msalimie kaka yangu. Mwambie dada yake hajambo.

Tazuko


Akita, 9 Machi

Tazuko,

Sina salamu leo.

Alhamisi ya wiki iliyopita vijiti vya kulia vilimponyoka mkononi. Akaviokota, vikamponyoka tena. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikadhani ni kiharusi. Tulipofika hospitali wakampima damu, dawa ya kutuliza wageni ilikuwa imepanda mara tatu ya inavyotakiwa na figo zimeanza kugoma. Mfamasia akaja mbio.

"Mama, amekula nini?"

"Anakula mkononi mwangu tu," nikasema.

"Balungi je? Hata kidogo?"

"Balungi halijaingia kwangu. Nimelikataza kwa maandishi." Nilisema kwa kifua mbele, Tazuko. Nilijivuna kabisa.

Iwao akafumba macho. "Mitsue," akasema, "angalia kabati la viatu, nyuma ya buti zangu."

Nikaenda kuangalia. Chupa ya jamu ya maganda ya balungi, karibu imekwisha, na kijiko ndani. Nyuma yake karatasi ya posta iliyoandikwa kwa mkono wako: Bwana Nishimori Iwao. Hakuna mtu mwenye jina hilo katika nyumba yetu tangu niolewe. Alikuwa anasubiri nitoke kwenda sokoni, kisha anakaa pale mlangoni kati ya viatu, analamba.

Mfamasia akanieleza mbele yake yeye, mgonjwa, na mbele ya nesi. Balungi linauzuia mwili kuivunja ile dawa, inajilimbikiza kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Haihusu vijidudu. Uchemshe, ukaange, uzike, ni lilelile.

Wakamsimamishia dawa kuokoa figo. Dawa ikashuka, ikapita chini ya mstari, na wageni wako wakaamka. Walianza viganjani, wekundu kama wa mtu aliyeshika chungu cha moto. Kesho yake kifua. Kesho yake tumbo likafunguka na halijafunga. Ngozi ya mgongo ambayo nimeisugua kila jioni bafuni miaka yote hii inabanduka nikiigusa kwa kitambaa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakubwa. Chembe zinazomla ni zako. Si za mtu mwingine yeyote hapa duniani.

Usipige simu.

Mitsue


Tosa, 13 Machi

Wifi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa chini jikoni.

Niliyamenya mabalungi mwenyewe. Niliyachemsha maganda mara tatu nikimwaga maji, nikayachemsha tena na sukari, nikachemsha na chupa. Uliniandikia kuhusu kuiva, kinga ya kichanga, samaki mbichi. Nikasema basi nitauua kila mdudu, na yeye ataonja ladha ya kwao. Ungeandika neno moja tu, dawa. "Linagombana na dawa." Ningeng'oa miti! Lakini uliandika usiulize. Na mimi kwa miaka arobaini na mitatu nimeshazoea usiulize yako. Usiulize kwa nini hakuja kwenye mazishi ya mama mpaka siku ya pili. Usiulize kwa nini hatumi picha. Nikajua ni lilelile, wivu wa Mitsue, na wivu wa Mitsue siuogopi, nauzunguka.

Naandika kwa hasira kwa sababu nikiacha hasira nitaanza kupiga mayowe. Nimempa kaka yangu damu ili imuue? Nilikuwa najivunia, nimewaambia ushirika mzima. Sasa wakiniuliza anaendeleaje naingia ghalani.

Sema nije nitakuja. Sema nisije nitakaa. Kama hutaki kunijibu, tuma hata kadi tupu ili nijue bado anapumua.

Tazuko


Akita, 2 Mei

Tazuko,

Sikukujibu kwa makusudi. Barua zako zote tatu zilizofuata nimezisoma, na kadi tupu sikutuma kwa sababu nilitaka usilale kama mimi nilivyokuwa silali. Dada mdogo wa yule nesi ameolewa... hapana, nimeanza kupiga porojo ili nisifike kwenye jambo. Nifike.

Anapumua. Anakula uji. Walimpa dawa nyingine ya kuwanyamazisha wageni, imemvimbisha uso, mashavu yamekuwa ya mviringo. Kudo alipomwona alisema, "Bosi, umerudi utotoni," na Iwao akamtupia mto. Ngozi inaota upya. Tumbo limetulia. Figo zimerudi karibu na zilipokuwa.

Mwezi uliopita, kilele cha yale mateso, nilimshika daktari koti.

"Si muwaue wote? Hao wageni wa wifi yangu, muwaue wote, tuanze upya!"

Hakucheka. Akanikalisha. "Mama Hosoya, nikiwaua wote, saratani itarudi kabla ya kiangazi. Hao ndio wanaoiwinda. Nawataka hai, na nawataka wakali kidogo. Ugomvi mdogo unamlinda. Mkubwa unamzika. Mimi kazi yangu ni kukaa katikati."

Nikatoka nimekereka. Kumbe hata ugomvi wako nauhitaji.

Umeniuliza kwa nini sikuandika neno dawa. Nitajibu mara moja tu, usinirudishe hapo. Mfamasia aliposoma vitu vilivyokatazwa na kutaja balungi, nilifurahi. Kila mtu alikuwa anaimba dada, dada, damu ya dada, na hatimaye kukawa na kitu kimoja chako kilichofungiwa mlango. Ningekueleza sababu, ungeelewa, ungesema basi, na furaha yangu ingekwisha. Nilitaka ikuume kidogo. Ilimuuma yeye.

Anasema jamu ilikuwa tamu. Sikupenda kukuandikia hilo.

Mitsue


Tosa, 18 Agosti

Wifi Mitsue,

Habari za joto? Nimemaliza kuwasindikiza marehemu wetu wanaotutembelea kila Agosti, nimewasha moto mlangoni na kuwarudisha wanakokwenda. Mama nimemwambia Iwao anaendelea vizuri. Miti imebeba sana mwaka huu, lakini usiogope, mavuno yote nimeshayauza yangali mtini. Hata ganda halitaingia nyumbani.

Kaka alinipigia Jumapili. Alianza kuongea habari za mvua, mimi nikamwuliza Yokote kukoje.

"Sijui," akasema. "Sijakanyaga nyumbani tangu niugue."

"Mbona? Si ni mwendo mfupi kwa treni?"

"Koji," akasema, kisha akajaribu kubadilisha habari, lakini unajua hajui kudanganya, hata kwa damu yangu hajajua.

Kumbe! Kumbe daktari amekataza nyumba yenu tangu mwanzo. Koji, ule ukungu mnaouotesha juu ya mchele katika chumba chake ili miso ichachuke, ambao baba yako aliniambia una umri mkubwa kuliko mfalme yeyote, unaruka hewani na unaweza kuota kwenye mapafu ya mtu asiye na kinga. Balungi langu limepigwa marufuku kwa barua, na ukungu wako umekaa kimya nyuma ya "ni rahisi kwa siku za kliniki". Mficha maradhi kifo humuumbua, wifi, na kifo chenyewe kingekuwa cha kaka yangu.

Nilipanga kukucheka ukurasa mzima. Nimejaribu, hakuchekeki. Badala yake nakuomba jambo. Msimu wa koji unaanza tena Novemba. Kaka ameniambia magoti ya Kudo yamekataa na hakuna mwingine wa kushika kile chumba ila wewe. Nani atamwangalia yeye? Mlete kwangu majira ya baridi. Huku hakuna theluji, nyumba ni kavu, hospitali kubwa iko karibu na daktari wenu anaweza kuwaandikia. Nipe baridi moja tu. Wewe umekuwa na zote.

Tazuko


Yokote, 28 Septemba

Tazuko,

Hapana.

Mpunga umekatwa, wote wazima, asante kwa dagaa wakavu. Lakini hapana. Nimeajiri watu wasugue dari la vyumba vya mbele, nimebadilisha mikeka yote, nimeweka mashine ya kusafisha hewa inayopiga kelele kama trekta. Ataishi upande wa mbele, koji itakaa upande wa nyuma. Ukungu wa Hosoya haujawahi kumdhuru Hosoya. Baba aliupumua mpaka akafika miaka tisini.

Na nikikupa baridi moja utaniambia nikupe na majira ya kuchipua. Nakujua.

Mitsue


Yokote, 16 Novemba

Wifi yangu Tazuko,

Habari za siku nyingi. Theluji haijaanza, kuna mvua tu, na wafanyakazi wanakohoa mmoja baada ya mwingine. Nakuandikia kwa mkono wa haraka maana mchele uko kwenye mvuke.

Nilikuwa nimepanga kumrudisha nyumbani wiki hii. Kwanza alikuja kwa mchana mmoja, kutazama. Alishuka kwenye teksi na barakoa yake, akasimama nje ya lango akalishika lile bango la jina kana kwamba anampapasa ng'ombe. Wafanyakazi walisimama mbali wakainama. Mimi nilikuwa chumba cha koji nageuza mchele. Niliposikia sauti yake niliruka nje vilevile, na kitambaa kichwani, na mikono wazi.

Akarudi nyuma.

Hakufikiria, nakuapia. Mwili tu. Aliniona nina vumbi jeupe mabegani na kwenye nywele, akarudi nyuma kama mtu aliyeona gari. Kisha akaanza kuomba radhi na mimi nikaanza kuomba radhi, tumesimama kwenye mvua kila mmoja na mikono yake, na kijana wa teksi anatazama pembeni kwa adabu.

Nilimpigia daktari jioni hiyo. "Mama, dari si tatizo peke yake," akasema. "Bado anameza dawa za kushusha kinga. Kama wewe unaingia mle kila siku, utamletea kwenye nywele na kwenye nguo. Uchague chumba cha koji au chumba chake, kwa msimu huu."

Nikifunga chumba cha koji, hakuna miso ya mwaka ujao, na watu watano waliokula kwetu tangu ujana wao hawana pa kwenda. Iwao mwenyewe amesema nikikifunga hatanisamehe, na hapo alisema kwa sauti ya ukaidi ambayo sijui ni yako au ni yake ya siku zote.

Basi mpokee. Ndege ni Jumanne. Daktari Kuribayashi amewaandikia wenzake wa huko. Nguo zake nimezichemsha zote. Vidonge ni asubuhi na jioni, usimwachie ahesabu mwenyewe. Ukiona wekundu viganjani, hata kama ni kidogo, hata kama anacheka na kusema ni jua, mpeleke siku hiyohiyo. Ukiona anakohoa, vilevile. Kinywa kinamkauka, wageni wako wamekaa pale, mpe maji kidogokidogo.

Mengine hayahusu ugonjwa. Usimkate kucha, akija nitamkata mwenyewe. Usimpikie vizuri kupita kiasi. Huko mtamwita mtakavyo, lakini kadi ya hospitali imeandikwa Hosoya Iwao na ndivyo atakavyoitwa kwenye foleni.

Nakuonea wivu mpaka meno yananiuma. Niliona nikuandikie hivyo wazi, usije ukadhani nimekuwa mtu mwema.

Mitsue


Tosa, 21 Desemba

Wifi Mitsue,

Pole na baridi. Nimeona kwenye televisheni theluji ilivyowazika, natumaini paa limestahimili. Sisi hatujambo. Damu yake imepimwa Ijumaa, dawa imekaa pale inapotakiwa, na saratani hawajaiona hata chembe. Daktari wa huku amepunguza vidonge kidogo. Viganja ni safi, navitazama kila asubuhi kabla hajapata nafasi ya kuvificha.

Sasa jambo lenyewe, na nimelikalia mwezi mzima.

Nilimwandalia chumba chake cha ujana. Nilimpikia samaki kama mama, akiwa ameiva mpaka ndani. Nilikaa mbele yake siku ya kwanza nikingoja aanze kuongea habari za mto, za baba, za ile siku aliyoniangusha majini. Nimeingoja habari hiyo tangu nilipokuwa na miaka kumi na minane. Akala, akasema kitamu, akatazama saa ya ukutani.

"Sasa hivi anageuza mchele," akasema.

"Nani?"

"Mitsue. Nani mwingine?"

Kila siku ni hivyohivyo. Alasiri inapofika anaivuta simu karibu, anajifanya anasoma gazeti. Ukipiga anakuuliza joto la chumba, unyevu, mchele umeshikana au bado, na wewe unamjibu, na mimi nipo pale na sahani mikononi, sielewi neno. Ukichelewa kupiga, hali chakula. Wiki iliyopita ulichelewa, akanifokea kwamba nimeikata simu. Akanusa yale mashati uliyoyachemsha akalalamika hayana harufu ya kitu chochote. Anasafisha koo kabla ya kusema, kama baba yako. Anakunja taulo kwa namna yenu. Jana pale hospitali walisahau wakaita Nishimori, maana mhudumu ananijua mimi, na kaka yangu hakugeuza hata kichwa. Nilimgusa kiwiko. "Wanakuita," nikasema. "Si mimi," akasema, wala hakuwa na nia ya kuniumiza.

Nimechukua kila kilichokuwa ndani ya mifupa yangu nikamtia yeye, wifi. Daktari amethibitisha kwa vipimo, damu yote iliyomo ni yangu, haikubaki hata tone la kwake. Na damu hiyo yote inakaa pale karibu na simu, inakungoja wewe.

Kucha zake zimekuwa ndefu. Ananiambia Mitsue atazikata.

Baada ya mwaka mpya miso mnailaza kwenye mapipa na chumba cha koji kinapumzika siku chache, ameniambia mwenyewe, amezihesabu. Njoo siku hizo. Oga mpaka nywele zilie, nunua nguo mpya njiani uvae hizo, usilete kitu chochote cha nyumbani. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege na utakaa kiti kilicho karibu naye. Sitaki kukupisha kile kiti. Ndiyo maana nakimbia kuipeleka barua hii posta sasa hivi, kabla sijabadili nia.

Wifi yako,
Tazuko